Shahidi Juu ya Bawa

Usiku wa jana niliota nimekaa juu ya bawa la ndege ya vita, miguu inaning'inia, mkoba wangu wa Jumapili mapajani na mwavuli kwapani.

Sikuogopa. Nilichohofia ni kitambaa cha kichwa, maana upepo ulikuwa mkali na nilikuwa nimekifunga kwa haraka. Chini kulikuwa na maji matupu. Mimi nimezaliwa Ukerewe, nimekua na maji pande zote, lakini maji yetu hata yakiwa makubwa, ng'ambo yake kuna mtu anapika. Yale hayakuwa na ng'ambo.

Ndani ya kioo alikuwamo kijana anaendesha. Mzungu, uso umeiva kwa jua, miwani ameipandisha kwenye paji. Akagonga kioo kwa kidole.

"Shikamoo, mama. Umekaa vizuri?"

Alisema Kikerewe. Si hiki chetu cha sasa cha kuchanganya, bali kile cha bibi zangu.

"Marahaba. Nimekaa. Ila bawa lako lina joto."

"Ni bunduki hizo, ziko humo chini yako. Utanivumilia. Mimi ni Luteni Tenli, Mmarekani."

"Mimi ni Apolonia, mjane wa fundi Gaudensi Mazigo."

"Najua," akasema. "Umeandikwa."

Nikamuuliza tunakwenda wapi. Akanieleza bila haraka, kama mtu anayemwonyesha mgeni choo kiko upande gani. Wako vitani na Mjapani, juu ya bahari ya Pasifiki. Rubani akiangusha ndege ya adui lazima awe na shahidi, vinginevyo haiandikwi. Na sheria inasema shahidi wake ni mwenzake wa bawani.

"Wengine humweka mwenzao kwenye ndege ya pembeni," akasema. "Mimi naisoma sheria kama ilivyo. Imesema bawani."

Vita hivyo navijua kwa marehemu baba tu. Waingereza walimpeleka Burma, akarudi na kikombe cha bati na kikohozi. Alikuwa akisema kwamba muda wote aliokaa kule hakumwona Mjapani hata mmoja. Aliona miti inafyatua risasi.

Mara tunaiona. Ndege moja, peke yake, chini yetu, ina duara jekundu kila bawa.

"Ziro," anasema Tenli. Ndivyo wanavyoziita.

Anashuka. Bunduki zinaanza. Bawa linatetemeka hadi meno yangu yanagongana. Nasali Salamu Maria, na kila Salamu inakatika vipande vitatu kabla haijatoka mdomoni. Ile Ziro inatoa moshi mweusi. Inainamisha kichwa. Mbele yake kuna wingu jeupe, limekaa pale kama ng'ombe aliyelala njiani. Ziro inaingia kwenye wingu.

Tunalizunguka wingu. Hakitoki kitu.

"Umeona, mama?"

"Nimeona moshi."

"Umeona ikianguka majini?"

Nikanyamaza. Tenli akafungua kioo, akanyoosha mkono, akauchukua ukimya wangu kama unavyochukua chenji, akautia mfuko wa shati na kuufunga kwa kifungo.

"Watano!" akapiga kelele. "Mama yangu, umenipa wa tano!"

Tukatua kwenye kisiwa. Uwanja wao ulikuwa wa matumbawe yaliyopondwa, meupe kama makopa ya muhogo yaliyoanikwa juu ya jiwe, hata macho yaliuma. Tenli akanishusha kwa adabu, akinishika kiwiko. Kisha akanionyesha ubavu wa ndege yake. Zilichorwa bendera nne ndogo za Mjapani, na pembeni yake pameachwa nafasi ya moja.

"Wanne ni rubani tu, mama. Ukifika watano unaitwa bingwa. Kaka yangu alifika wanne, akafa. Nyumbani wakimtaja hawana neno la kuongeza. Wanasema, 'alikuwa rubani,' halafu wanakula."

"Na wewe unataka waseme nini?"

"Nataka waache kula kidogo."

Marubani wenzake walikuwa wamesimama kivulini wanasimulia. Hawa watu husimulia kwa mikono. Mkono wa kulia ni wewe, wa kushoto ni adui, na wa kulia humfuata wa kushoto juu na chini mpaka ampate. Tenli akajiunga nao. Mkono wake wa kushoto ulipofika pale pa kupigwa, ukatoa moshi kwenye kucha, ukaanguka ubavuni, ukabaki unaning'inia. Hakuna aliyeshangaa. Nikawatazama wengine. Wote mikono yao ya kushoto ilikuwa imekufa, wanavuta sigara kwa wa kulia.

"Haiumi?" nikamuuliza mmoja, mnene, mwenye madoadoa usoni.

"Asubuhi hurudi, mama. Shida ni vifungo vya shati." Akanitazama juu hadi chini. "Tenli! Wewe umepewa mama mzima na mwavuli wake. Mimi shahidi wangu alikuwa mbuzi."

"Aliona?"

"Aliona kila kitu. Akakataa kusaini."

"Ndiyo maana una mmoja na nusu," akasema Tenli, na wote wakacheka, mikono yao mibovu ikipigapiga mapaja.

Nikaambiwa niingie kwenye hema la maelezo. Nikainama kupita, na ndani likawa darasa langu la tatu. Dawati ni lile lile tulilokalia wanne, limechongwa jina la Koleta kwa msumari. Ubaoni pameandikwa maneno matatu kwa chaki: AMEANGUKA. HUENDA. AMEUMIZWA.

Mezani ameketi afisa. Alikuwa nadhifu, penseli mbili masikioni. Hakuwa na macho. Sisemi alikuwa kipofu. Pale pa macho palikuwa na ngozi laini, kama kisigino cha mtoto ambaye hajaanza kutembea.

"Usiogope," akasema. "Ni utaratibu. Anayeandika asiwe ameona."

"Na anayeona?"

"Asiwe ameandika. Keti, mama Apolonia."

Nikaketi. Tenli akasimama nyuma yangu, ananipumulia shingoni.

Kwanza iliitwa kamera ya bunduki. Ni kitu kidogo kama kopo la maziwa, hukaa kwenye bawa pamoja na bunduki. Ilijiburuta yenyewe hadi juu ya dawati.

"Mimi huona pale tu anapobonyeza," ikasema. "Akiachia kidole, nazimika. Niliona mkia. Niliona moshi. Akaachia."

"Ilianguka?" akauliza afisa.

"Nimeshasema aliachia. Mambo yote ya maana hutokea akishaachia."

"Una kinyongo," Tenli akaiambia.

"Nina lenzi," ikajibu, ikashuka.

Likaitwa wingu. Liliitwa mara tatu kabla ya kuitika, likaingia dirishani, likaketi kwenye kiti na kukilowesha. Darasa likawa baridi.

"Ziro iliingia kwako?"

"Huingia vingi."

"Hii ilitokea upande gani?"

"Sina pande," wingu likasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea huku ameshika mdomo. "Mimi sina mbele wala nyuma. Kwangu kitu huingia, basi."

Afisa akaandika. Niliweza kuona daftari. Aliandika vizuri, mwandiko wa kulala, asiouona.

"Sasa tumwite mwenyewe," akasema.

Nyuma ya darasa, pale walipokaa watoro, palikuwa na mabenchi matatu. Benchi la AMEANGUKA lilikuwa tupu, na nyuma yake mlango umefungwa. Benchi la AMEUMIZWA lilikuwa na watu wachache waliofungwa bendeji, wanacheza karata. Benchi la HUENDA lilijaa. Lilikwenda likapita ukuta wa darasa, likaendelea nje juu ya maji, na kote lilikuwa limejaa watu wameketi kimya, kila mmoja ameshika kikombe kinachofuka mvuke. Hakuna aliyekunywa.

Mwanzoni mwa benchi hilo aliketi mtu mwenye kiuno na miguu bila kifua.

"Huyo vipi?"

"Marubani wawili walimpiga kwa pamoja," akasema afisa. "Kila mmoja akaandikiwa nusu. Nusu ya juu ilipitishwa jana. Hii inasubiri saini."

Nikaisalimia ile miguu, maana sikulelewa kupita mtu bila kumsalimia. Ikabana magoti kwa heshima.

"Sajini Moriwaki," afisa akaita.

Akasimama kijana mwembamba, kofia ya ngozi mkononi, kikombe ameacha kwenye benchi. Akaja akainama mbele yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeumia?"

"Bado haijaandikwa."

"Ulitoa moshi."

"Nilikanyaga mafuta yote. Injini zetu zikilazimishwa sana hutoa moshi mweusi, wao hudhani tunaungua. Wiki iliyopita walinikimbiza watatu, kila mmoja akaniandika kivyake. Nilikufa mara tatu, na jioni nikala wali."

"Mwongo," akasema Tenli, lakini bila nguvu.

"Na leo?" nikamuuliza Moriwaki. "Ulipoingia kwenye wingu ikawaje?"

Akafikiri. Nilimwona anafikiri kwa uaminifu, kama mtoto anayetafuta jibu ambalo kweli alilisoma.

"Nyeupe," akasema. "Halafu benchi."

Akafungua koti akanionyesha mkanda wa kitambaa aliojifunga tumboni. Ulijaa vifundo vya uzi mwekundu, vingi, vidogo, vimepangwa safu. Akasema mke wake alisimama njiani siku nyingi akiwaomba wanawake wanaopita, kila mmoja amfungie kifundo kimoja, ili mumewe arudi. Wanawake asiowajua. Walisimama, wakafunga, wakaenda zao.

"Ukisema umeona," akaniambia, "nitapita mlango ule. Mke wangu atapelekewa sanduku jeupe la marehemu, ataweka ubani, atajua la kufanya. Ukisema hukuona, nitarudi kukaa. Naye ataendelea kupika wali wa watu wawili."

"Wewe unataka lipi?"

"Mimi ni sajini tu, mama."

Hapo ndipo nilipoutazama ule mlango vizuri. Ulikuwa wa mbao za mninga, vibao vinne, na chini ya kitasa umechongwa msalaba mdogo kama ukucha. Ule msalaba naujua. Gaudensi aliuchonga kwenye kila mlango aliotengeneza. Alisema anayeingia abarikiwe hata kama ni mwizi.

Mlango ule ni mmoja wa miwili aliyoipakia kwenye mtumbwi siku aliyopotea, kuipeleka zahanati ya kisiwa cha Ukara. Mtumbwi haukuonekana tena. Mwenye mtumbwi hakuonekana. Na milango haikuonekana, wakati mbao huelea.

Maji yalikuwa yanapita chini ya mlango, taratibu, yanalowesha sakafu ya darasa.

"Mama Apolonia," akasema afisa. "Neno moja tu. Ulishalisema zamani, halikukushinda."

"Nililisema wapi?"

Akafungua daftari nyuma kabisa. Akasoma kwa vidole.

"'Mimi Apolonia, mke wa Gaudensi Mazigo, nikiwa nimesimama juu ya jiwe la kuanikia makopa, nimeona kwa macho yangu mtumbwi ukipinduka na mume wangu akizama.' Saini. Mbele ya mwenyekiti wa kijiji, mbele ya padri. Ni mwandiko wako?"

Ulikuwa mwandiko wangu.

Sijapata kumwambia mtu jambo hili, hata kwenye kitubio, na miaka kumi na tisa nimekwenda kwenye kitubio kila mwezi. Siku ile nilisimama kweli juu ya jiwe. Niliuona mtumbwi, mdogo kama ganda la karanga, na milango imesimamishwa ndani yake kama masikio. Mvua ikaja kutoka upande wa Ukara, ikashuka kama pazia. Mtumbwi ukaingia kwenye mvua. Mvua ilipopita, ziwa lilikuwa tupu.

Basi. Hicho ndicho nilichoona.

Lakini nilikuwa nimemwona shangazi yangu Koleta, yule aliyechonga jina lake kwenye dawati kabla yangu. Mumewe alikwenda Mwanza asirudi, na hakuna aliyeona lolote. Koleta alimpakulia kila siku. Ugali wake, samaki wake, maji ya kunawa. Alimpakulia mpaka yeye mwenyewe akafa, na siku tunamzika tulikuta sahani ya mumewe imefunikwa. Mimi nilikuwa na watoto watatu. Mashemeji walitaka tungoje, walisema labda amepelekwa na upepo visiwa vya mbali, labda yuko Uganda. Mwenyekiti akauliza, kuna aliyeona? Wakanitazama.

Niliogopa kungoja kuliko nilivyoogopa kusema uongo.

"Mkazika nini?" akauliza afisa.

"Mgomba. Kwetu asiyepatikana hukatiwa mgomba, ukavikwa sanda, ukazikwa kwa jina lake."

"Mgomba ulisema lolote?"

"Haukusema."

Akaandika, akijisomea kwa sauti: "Mgomba haukukanusha."

Tenli akapiga magoti kando ya dawati. Uso wake ulikuwa wa kitoto kabisa. "Mama, huyu ni adui. Hata humjui. Sema tu. Umenyamaza juu ya bawa, na mtu akinyamaza ameshakubali, hata kwenu si ni hivyo?"

"Anayekubali kwa kunyamaza ni binti anayeposwa," nikamjibu. "Mimi ni mjane, si bibi harusi."

Ile miguu kwenye benchi ikatikisika. Nadhani ilicheka.

"Kuna jambo sharti ulijue," akasema afisa. "Shahidi ni mmoja na daftari ni moja. Ukisema leo hukuona kwa sababu ya wingu, basi na lile la mvua halisimami. Nitalifuta. Mume wako atatoka safu ya kwanza, ya AMEANGUKA. Atakuja safu ya pili, ya HUENDA." Akageuza uso wake laini kunielekea. "Hutakuwa mjane tena. Na mke hutakuwa. Ukisema umeona, mlango utafunguka mara moja, Sajini atapita, Luteni atakuwa bingwa, na wewe utabaki ulivyo. Una misa zako za marehemu. Una cheo chako kwa akina mama wa parokia. Wanakuheshimu."

Yote hayo ni kweli. Nikaukumbatia mkoba wangu.

"Kama yuko safu ya kwanza," nikauliza, "alipita mlango huu?"

"Kila aliyeandikwa hupita."

"Hata kama hakuwa amekufa?"

Penseli ya afisa ikasimama.

"Sisi," akasema, "huandika tu tulichoambiwa."

Nikauona ule mlango upya. Nikaona alivyoupiga randa, alivyouchonga msalaba, halafu siku moja akaletwa mbele yake, hai, kikombe mkononi, akaambiwa: mkeo amesema ameona. Naye, kwa kuwa aliniamini katika kila jambo, akaweka kikombe chini, akapita.

Nikasimama. Nikafanya ishara ya msalaba.

"Andika," nikasema. "Sikuona ikianguka. Niliona moshi, niliona wingu. Na ule mwingine, niliona mtumbwi, niliona mvua. Sikumwona mtu akizama. Nilisema uongo."

Afisa akalamba ncha ya penseli, akaandika yote, bila kuongeza wala kupunguza.

Tenli akabaki amepiga magoti. Mfuko wake wa shati ukafunguka wenyewe, ukimya wangu ukatoka, ukanirudia mdomoni. Ulikuwa na ladha ya chuma.

"Umeniua, mama," akasema.

"Sijakuua, mwanangu. Hata hilo ningelitaka kuliona kwanza."

Moriwaki akainama tena, chini zaidi kuliko mwanzo. Sikuweza kujua kama ananishukuru au ananilaumu. Akarudi kwenye benchi la HUENDA, akachukua kikombe chake. Bado kilikuwa kinafuka.

"Haya, njoo ufute," akasema afisa. "Aliyeapa ndiye hufuta."

Akanitoa nje. Ndege ya Tenli haikuwapo. Palikuwa na nyingine, ya kijivu, ndogo, mlango wazi na kiti kitupu. Kwenye kiti kulikuwa na mto nilioushona mwenyewe kwa vitambaa. Nikaweka mkono kwenye bati lake; lilikuwa na moto, kama lililotoka kuruka sasa hivi.

"Ni ya nani hii?"

"Yako."

Ubavuni mwake palichorwa picha moja tu, kwa rangi nyeupe, mahali ambapo marubani wenzangu walichora bendera. Mtumbwi mdogo, una milango miwili imesimama ndani yake kama masikio.

"Mmoja," akasema afisa. "Wengi wenu huwa na mmoja tu."

Akanipa kopo la petroli. Nikachovya pembe ya kitenge changu, nikasugua. Rangi ilikuwa kavu, ya miaka; ilitoka kidogo kidogo. Nikafuta mlango wa kwanza, nikafuta wa pili. Nikafuta mtumbwi kuanzia mbele kwenda nyuma.

Nyuma yangu, ndani ya darasa, nikasikia mlango unafunguliwa. Bawaba zake hazikulia. Gaudensi alikuwa akizipaka mafuta ya samaki. Nikasikia hatua zenye maji. Nikasikia benchi linalia, kama linavyolia benchi mtu mzito anapoongezeka.

Halafu mtu akakohoa mara mbili, kwa kifupi. Hivyo ndivyo mume wangu alivyobisha hodi nyumbani kwake, miaka yote.

Sikugeuka. Nilijua nikimtazama nitasema nimeona.

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshapanda, jambo ambalo si kawaida yangu. Nilikuwa nimepitisha sala ya asubuhi. Nikakaa kitandani nisijue nianze na ipi. Marehemu huombewa raha ya milele, msafiri huombewa salama. Nikashika rozari, nikaiacha.

Nje, binti yangu Stakia alikuwa anafagia. Ufagio ukasimama. Akaita.

"Mama! Hebu njoo uone. Kuna mtu amechezea msalaba wa baba."

Kaburi letu liko pembeni ya nyumba, na msalaba wake ni wa mbao, mweusi, maandishi meupe. Kila mwaka kabla ya siku ya marehemu wote huwa nayapitia kwa brashi mwenyewe. Nikatoka pekupeku.

Jina lilikuwapo. Neno Kuzaliwa lilikuwapo, na mwaka wake. Chini yake palikuwa na neno Kufa, na mbele ya neno hilo hapakuwa na kitu. Mbao ilikuwa safi, nyeusi, imesuguliwa kwa uangalifu, kuanzia mbele kwenda nyuma.

"Watoto wa jirani hao," akasema Stakia. "Nitakwenda kumwambia mama yao. Hata aibu hawana."

"Waache."

"Mama, kaburi! Kaburi la mtu!" Akainama, akanusa. "Tena wametumia petroli. Wameipata wapi?"

Nikatazama pembe ya kitenge nilicholala nacho. Ilikuwa imekakamaa, nyeupe, na ilinuka. Nyumbani kwetu hakuna hata tone la petroli, tunapikia kuni. Nikaikunja ile pembe ndani ya kiganja.

"Rangi ipo ile ya mwaka jana," Stakia akasema. "Niirudishe tarehe sasa hivi, kabla watu hawajapita kwenda kanisani?"

"Usirudishe."

"Sasa tuwaambie nini wakiuliza?"

"Waambie mama yako hakuona."

Akanyanyuka polepole, ufagio mkononi. Stakia alikuwa na miaka tisa siku ile. Alikuwa amesimama chini ya jiwe, ameshika sketi yangu, na kwa kuwa alikuwa mfupi aliniuliza mimi: mama, kuna nini kule?

"Hukuona nini, mama?"

"Niliona mvua, mwanangu," nikamwambia. "Weka ufagio. Kaa hapa nikueleze."